Masanduku ya bati ya Kadutu, Bukavu, kwa binti anayeingia bwenini: lipi ununue, lipi umwachie fundi

Orodha ambayo masista humkabidhi mzazi siku ya kumwandikisha binti huwa ndefu: shuka, blanketi, sketi za buluu, blauzi nyeupe, ndoo, sahani, vikwembe (vitenge) viwili. Karibu vyote hivyo vikiharibika Novemba, vinatumwa vingine Desemba na masomo yanaendelea. Sanduku ni jambo jingine. Linaingia na binti darasa la 7 na linatakiwa litoke naye baada ya Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, miaka 6 baadaye. Likiwa baya, analala miaka 6 juu ya kutu, mende na mashaka.

Bwenini kitanda ni cha shule, meza ni ya wote, kabati mara nyingi hakuna, na hata bafu lina zamu. Chenye ufunguo ni sanduku peke yake. Humo ndimo mna nguo za ndani, vitambaa vya hedhi, barua, sukari na nauli ya kurudia nyumbani. Wanawake waliosoma bweni zamani, hata wale wa enzi za Zaire, wanaweza kusahau jina la mwalimu wa hesabu lakini wanakumbuka rangi ya sanduku lao na aliyewahi kulivunja. Kwa hiyo tathmini hii inaanza na bati, bawaba na kufuli. Wauzaji wa Kadutu wangependa uanze na rangi na maua yaliyochorwa kwenye kifuniko, usiwafuate.

Shule haitoi sanduku, na hakuna wa kumlaumu. Shule hizi ni za konvansione: tangu mkataba wa 1977 kati ya dola na makanisa, serikali inaweka programu ya masomo na Kanisa linaendesha shule, lakini bweni ni mfuko wa mzazi. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi, haigusi bweni la sekondari.

Bukavu mtu anaweza kununua sanduku lililokwisha kupakwa rangi, madukani Ibanda au soko la Nyawera, au apande Kadutu akamkute fundi na nyundo yake. Kadutu ndiko penye faida, na si kwa sababu ya bei. Kule unaweza kuliona bati kabla halijafunikwa. Sanduku likishapakwa rangi nje na ndani, nusu ya makosa yake yamezikwa.

Bati lenyewe kwanza. Mafundi wanatumia manjanja (karatasi za bati) ya namba tofauti, na namba ikipanda bati linakuwa jembamba. Wazazi wengi wanadhani 32 ni bora kuliko 28 kwa kuwa ni kubwa zaidi, ni kinyume. BG ndicho kipimo chenyewe cha unene: BG 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, BG 32 ni milimita 0.25. Tofauti hiyo unaweza usiione kwa macho, lakini utaisikia kwa kiganja: bonyeza katikati ya kifuniko. BG 32 inaingia ndani kisha inarudi na mlio wa "pok". BG 28 iliyokunjwa vizuri inakataa, au inatikisika kidogo tu. Na kifuniko kitakaliwa. Usisikilize ahadi kwamba binti hatakaa juu ya sanduku. Bwenini sanduku ndilo kiti, ndilo meza ya kuandikia barua, ndilo ngazi ya kupandia kitanda cha juu.

Fundi atakuambia, "Mama, hii ni vingt-huit (28) ya kweli, angalia mwenyewe." Usiangalie, pima. Sanduku la kawaida la bweni lina urefu wa sentimita 80, upana 45 na kimo 30. Likiwa la BG 28 bati lake peke yake lina uzito wa kilo 5 na kitu, na ukiongeza mishikio, bawaba na riveti linafika kilo 6 au kuzidi kidogo. La BG 32 la ukubwa uleule linaishia kilo 4 hivi. Muuza nyama yeyote sokoni ana mizani ya kuning'iniza. Mpe chochote kidogo, ning'iniza sanduku, na ubishi umekwisha. Kipimo kingine: sanduku la vipimo hivyo linakula karibu mita za mraba 1.7, na karatasi ya bati bapa ya mita 2 kwa 1 ina mita za mraba 2. Karatasi moja, sanduku moja. Anayejigamba kwamba karatasi moja inamtolea mawili ya sentimita 80, muulize vipande vingine anavitoa wapi.

Mara nyingi anavitoa juu ya mapaa ya zamani. Manjanja ya migongo yaliyong'olewa kwenye nyumba yanapigwa nyundo hadi yanyooke, matundu ya misumari yanazibwa kwa mastiki, kisha rangi. Kwa nje sanduku linang'aa. Lifungue, ingiza kichwa ndani, mtu mwingine ashushe kifuniko huku umelielekeza juani. Ukiona nukta za mwanga zilizojipanga kwa umbali sawa, hayo ni matundu ya misumari ambayo mastiki haikuyashika. Hata yasipoonekana, pitisha kucha juu ya rangi kwa upana: mawimbi ya bati la paa hayaishi kabisa kwa nyundo. Bati hilo limekwisha kupoteza zinki yake kwenye mvua za miaka mingi, na kutu yake inaanza upya chini ya rangi kabla ya Pasaka. Hili mwachie fundi.

Kuna pia masanduku yaliyokatwa kwenye mapipa ya lita 200. Bati lake ni nene karibu milimita 1, hakuna panya wala kijiko kitakachoingia. Tatizo ni mawili. La kwanza ni uzito: sanduku tupu linapita kilo 12, na binti wa miaka 12 hawezi kulivuta peke yake usiku msimamizi anapoamuru vitanda visogezwe. La pili ni harufu. Pipa lilibeba mafuta ya mashine, au dawa fulani, na mabaki yamekaa kwenye mikunjo. Unga wa maziwa na sukari hunyonya harufu hiyo ndani ya wiki moja, nguo kabla ya hapo. Kunusa haraka sokoni hakutoshi, maana hewa ya sokoni ina harufu zake. Lifunge, liache juani nusu saa, kisha lifungue pua ikiwa karibu. Sanduku la pipa linamfaa mwenye kambi ya machimbo. Kwa bweni la wasichana ni mzigo.

Mabegi ya kitambaa yenye zipu yanauzwa kama kitu cha kisasa. Zipu ndogo inafunguliwa kwa ncha ya kalamu ya Bic na kufungwa tena bila alama, kufuli ikiwa mahali pake. Panya hahitaji hata kalamu. Boksi za plastiki ni safi, hazishiki kutu, lakini mshikio wake hupasuka siku ya kwanza juu ya pikipiki. Tuendelee na bati.

Angalia viungo. Kona nzuri zimekunjwa, bati juu ya bati mara mbili, zikapigwa nyundo na kuzibwa kwa risasi ya kuyeyushwa. Kona mbaya zimechomelewa kwa umeme. Moto wa kuchomelea unaunguza zinki, na pale palipoungua ndipo kutu inapoanzia, hata kama bati lote ni jipya. Utapatambua kwa vinundu vyeusi ndani ya kona, ukivifikia kabla ya rangi. Sakafu ya sanduku nayo iwe imekunjwa kwenda nje na juu, ishike kuta. Sakafu iliyoshikwa kwa riveti tu inaachia siku sanduku likijaa vitabu, kwa kawaida ngazini, mbele ya watu.

Kifuniko kiwe na ukingo wa kushuka wa sentimita 4 au 5 pande zote. Ukingo wa sentimita 2 ni uchoyo wa fundi. Funga sanduku, jaribu kuingiza kijiti cha kiberiti kati ya ukingo na ukuta. Kikipita kwa urahisi, mende mdogo atapita pia, na vumbi la kiangazi litamfuata. Juu ya kifuniko omba mikunjo miwili inayopishana kutoka kona hadi kona. Ni kazi ya dakika chache juu ya chuma cha fundi, na inalifanya bati libebe mtu bila kubonyea.

Sasa wizi. Masanduku ya bweni hayavunjwi kama watu wanavyofikiri. Kufuli mara nyingi inakutwa nzima, imefungwa, na sukari haipo. Kinachoshindwa ni kimoja kati ya viwili. Bawaba za nyuma zina pini, waya mnene uliopitishwa kwenye mrija wa bati. Pini hiyo ikiwa imenyooka, inasukumwa nje kwa msumari, kifuniko kinainuliwa kutoka nyuma, vitu vinatolewa, pini inarudishwa. Mwenye sanduku atalaumu marafiki zake wenye kujua ufunguo ulipo. Dai pini zikunjwe ncha zote mbili, au zipigwe nyundo zitanuke kama kichwa cha riveti. Zisipokunjwa, usilipe.

Cha pili ni ulimi wa mbele unaopokea kufuli. Fundi mvivu anaushika kwa riveti mbili nyembamba za alumini. Mpini wa kijiko ukiingizwa chini yake na kunyanyuliwa, riveti zinachomoka bila kelele. Ulimi ushikwe kwa riveti nne za chuma, na ndani ya sanduku, nyuma ya riveti hizo, kuwe na kipande kingine cha bati nene cha kuzishikilia. Ingiza mkono, kipapase. Kisipokuwepo, kinaongezwa papo hapo kwa malipo kidogo. Sanduku la sentimita 80 linastahili ndimi mbili na kufuli mbili. Lenye ulimi mmoja katikati unaweza kuinua kona ya kifuniko chake kiasi cha kupitisha mkono mwembamba, na bwenini mikono ni myembamba.

Kadenasi, yaani kufuli zenyewe: milimita 40, ya shaba, yenye upinde wa milimita 6. Za chuma kilichong'arishwa hushika kutu kwenye unyevu wa Kivu na ufunguo unavunjikia ndani, kwa kawaida jioni ya Jumapili. Lakini ubaya mkubwa wa kadenasi za bei ndogo ni funguo zake. Kiwanda hutengeneza aina chache tu za meno, kisha kinazirudia. Katika bweni la wasichana wengi walionunua soko lile lile, ufunguo wa jirani unafungua sanduku lako, na jirani hakuhitaji kuwa mwizi ili aligundue hilo. Jaribio ni rahisi na muuzaji hawezi kukataa: omba kadenasi tano za katoni moja, jaribu ufunguo mmoja kwenye zote. Ukifungua hata moja nyingine, acha katoni hiyo. Nunua ya kwanza duka hili na ya pili duka lingine, aina mbili tofauti.

Kufuli za namba ni za wenye umeme wa uhakika. Taa zikikatika binti hawezi kuzisoma, na zile za tarakimu tatu zina michanganyiko 1,000 tu. Mwenye subira na wikendi moja ya bure ataimaliza.

Ufunguo mmoja shingoni kwa kamba, chini ya blauzi. Wa pili kwenye bahasha iliyofungwa, jina na namba juu yake, kwa sista wa bweni. Kufuli ikianza kukwama, isipakwe mafuta ya kupikia, yanashika vumbi na kuwa gundi. Kwangua risasi ya penseli, unga wake uingizwe kwenye tundu la ufunguo, geuza mara kadhaa.

Rangi inakuja mwisho, na ina hila zake. Bati jipya lenye zinki ni laini mno. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja inabanduka kama ganda la kitunguu ndani ya mwaka. Fundi anayejua kazi analisugua kwanza kwa msasa laini, analipangusa kwa siki, analisuuza, linakauka, ndipo anapaka antiruye (rangi ya kuzuia kutu) na juu yake rangi. Hayo yote yanataka siku tatu au nne, ukihesabu kukauka. Ndiyo maana sanduku liagizwe Julai au nusu ya kwanza ya Agosti. Wiki ya mwisho kabla ya masomo, yanayouzwa yamepakwa jana usiku. Bonyeza kwa ukucha sehemu isiyoonekana, karibu na bawaba: rangi ikishika alama, shuka nyeupe zitashika rangi. Ndani lisipakwe kitu. Bati tupu lenye zinki ni safi, linafutika, halina harufu.

Weka avansi (malipo ya mwanzo) isiyozidi nusu. Ukilipa kwa dola, noti iwe safi na isiyochanika hata pembeni, na usitegemee noti za dola moja moja, kwa kuwa zinakataliwa. Ukilipa kwa faranga, uliza bei ya leo, maana asubuhi na jioni kiwango kinaweza kutofautiana.

Namba ya binti iandikwe kwa rangi kwenye ubavu mfupi wa sanduku, pande zote mbili, siyo juu ya kifuniko. Katika mabweni mengine masanduku hayakai chini ya kitanda. Yamo katika chumba kimoja, yamepangwa matatu matatu kwenda juu, na chumba hufunguliwa saa maalum. Namba iliyo juu ya kifuniko haionekani, binti anateremsha masanduku ya wenzake ili alitafute la kwake, na saa imekwisha. Kama ni bweni la kuweka chini ya kitanda, uliza kimo cha nafasi kabla ya kuagiza. Sanduku la sentimita 30 likiwa na ulimi unaochomoza juu linagonga vyuma vya kitanda, na kila likivutwa linawaamsha wa juu na wa jirani.

Hapo kuna nyongeza ndogo ambayo haiuzwi popote lakini inabadilisha maisha. Chukua mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, ule ulioshindikana kuzibwa. Kata utepe wa upana wa sentimita 2, ubandike kwa gundi ya mafundi wa baiskeli kuzunguka mdomo wa sanduku pale kifuniko kinapokaa. Kifuniko hakigongi tena. Kengele ya alfajiri inalia kukiwa bado giza, wasichana wote wanafungua kwa pamoja, na mlio wa bati wakati wa ukimya kabla ya misa ndio unaoleta adhabu nyingi kuliko kuchelewa. Utepe huo pia unazuia vumbi na harufu. Uache wazi sentimita 10 nyuma, kati ya bawaba, sanduku lipumue.

Lisipopumua, unyevu unabaki ndani. Mvua za Bukavu zinaanza Septemba, yaani pamoja na masomo, na sanduku lililonunuliwa Agosti halijawahi kuonja tone. Mwaga nusu lita ya maji juu ya kifuniko ukiwa bado Kadutu, uone yanateremkia wapi. Bwenini sakafu ya saruji inatoa jasho; vipande viwili vya ubao vya kimo cha sentimita 3 chini ya sanduku vinalinda sakafu yake kwa miaka. Nguo isiingie ikiwa na unyevu hata kidogo. Hapo ndipo mabinti wanapokosea kuhusu vitambaa vya hedhi: kwa aibu ya kuvianika mbele ya watu wanavikunja vikiwa nusu vikavu na kuvificha chini kabisa. Vinaota ukungu, vinaleta muwasho. Mama aulize mapema kama kuna kamba ya kuanikia iliyositirika, na kama haipo amfundishe binti kuvianika juani chini ya kikwembe chepesi.

Adui mwingine wa bati ni sambaza wakavu, samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Chumvi yao ikichanganyika na unyevu inakula zinki, na doa la kwanza la kutu katika masanduku mengi liko pale mfuko wa sambaza ulipokaa. Waingie kwenye kopo lenye kifuniko, siyo mfuko wa plastiki. Karanga za kukaanga kwenye kopo lingine, sukari lingine, unga wa maziwa ubaki kwenye kopo lake. Sabuni ya mche ikae upande wa pili wa sanduku, imefungwa kwenye gazeti, la sivyo chai ya nusu mwaka itakuwa na ladha ya kufua. Chini kabisa blanketi la akiba na shuka, kisha sare, kisha nguo za ndani katika mfuko wa kitambaa, na juu vile vinavyotolewa usiku: kikwembe, sweta, taa ndogo ya jua. Sweta siyo pambo. Usiku wa Bukavu, mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, unauma hata Januari.

Mafundi wengine watakunong'oneza kuhusu sakafu mbili: sakafu ya uongo sentimita 5 juu ya ile ya kweli, mahali pa simu. Sista aliyekaa bwenini miaka kumi anapima kina kwa mkono, nje kisha ndani, na anajua. Ni pesa ya kununulia barua ya kufukuzwa.

Vitu vingine havina mengi ya kusema. Godoro la povu la sentimita 190 kwa 90 lenye unene wa sentimita 12 lipimwe pia kwa mizani: la kilo 5 ni povu zito litakalofika mwaka wa tatu, la kilo 3 na nusu litakuwa limelala kama mkeka kufikia Noeli. Uliza upana wa vitanda vya shule kwanza, vingine ni 80. Nailoni ya dukani itolewe, ishonewe foronya ya pamba, maana nailoni inakusanya jasho na ukungu. Ndoo iwe na kifuniko na namba iliyochomwa kwa msumari wa moto. Ya kalamu hufutika wiki ya pili. Nguo ziandikwe namba kwa uzi mwekundu, nyuma ya shingo. Bidoni moja ya lita 5 ya akiba itathaminiwa siku maji ya Regideso yatakapokatika.

Safari nayo ina masharti. Mishikio ya ubavuni iwe ya chuma cha milimita 6, kila mmoja umeshikwa kwa riveti nne, na uwe unalala chini ukiachiwa. Ule unaochomoza unakata goti la dereva wa pikipiki na kukwaruza masanduku ya wengine. Juu ya pikipiki sanduku lilale kwa upana, lifungwe kwa vipande vya mpira siyo kamba ya nailoni, kwa kuwa mpira unavuta na kamba inalegea. Kwa wanaokwenda au kutoka Idjwi, Kalehe, Minova au Goma kwa njia ya ziwa, omba lisiwe la chini kabisa katika rundo wala lisikae ukingoni mwa boti. Maji yanayoruka yanakusanyika sakafuni mwa boti na kuingilia kwenye mkunjo wa chini. Likifika, lifunguliwe, lipanguswe, likae wazi saa moja kabla ya kupanga vitu.

Sanduku la mtumba linastahili kufikiriwa. Mwishoni mwa Juni na Julai wahitimu wanayauza, na la BG 28 lililotunzwa linazidi jipya la BG 32 kwa kila kitu isipokuwa sura. Kagua pini za bawaba, sakafu kwa mwanga wa jua, na mikunjo ya ndani. Vidoa vyeusi vidogo kwenye mikunjo ni alama ya kunguni, na mayai yao yanaweza kuwa bado yamo. Lisugue kwa maji ya moto na sabuni, mimina yaliyochemka moja kwa moja kwenye mikunjo, kisha lifunge na kuliacha juani tangu asubuhi hadi alasiri kwa siku kadhaa za kiangazi. Bati la rangi nyeusi au buluu iliyokolea linapata joto la kutosha kuwaua, la rangi nyeupe linaweza lisifike. Kufuli za zamani zisichukuliwe hata zikitolewa bure. Namba ya aliyetangulia ikwanguliwe hadi kwenye bati kabla ya kuandika mpya, kwa sababu ikibaki inachungulia chini ya rangi nyembamba, barua na vifurushi vya binti vitakwenda kwa mwenye namba hiyo mwaka huu.